Majibu Yaliyotangulia Kipimo

Jumatano moja ya mwezi wa sita, ukungu ukiwa bado umelala juu ya reli ya Makambako, mlinzi wa kiwanda cha maziwa alimpigia simu Scolastika akamwambia kuna mwanamke getini, anamtaka mtu anayetuma meseji. Scolastika alimuuliza meseji zipi. Mlinzi akasema za maziwa, na kwamba mwanamke mwenyewe amekataa kuonana na mtu mwingine yeyote, hata meneja.

Alimkuta amesimama nje ya kibanda cha mlinzi, kitenge juu ya sweta, viatu vimejaa tope jekundu lililokauka. Alijitambulisha kuwa anaitwa Flora, ameolewa na mtoto wa mzee Kasimiri kule Ihanjula, kijiji cha karibu na misheni, nje kidogo ya Njombe. Hakuwa na haraka ya kulalamika. Alitoa simu, akamfungulia meseji, akampa aisome mwenyewe. Ilikuwa meseji ya kiwanda, fupi: maziwa ya Kasimiri, namba tisa, yamekataliwa kwa sababu yana dawa. Chini yake ilionekana saa iliyoingia, saa nne na nusu asubuhi, Jumanne, yaani jana yake.

"Hii ni ya tatu, dada," Flora alisema. "Ya kwanza nilinyamaza. Ya pili niliapa mbele ya mama mkwe kwamba hakuna ng'ombe wetu aliyechomwa sindano tangu Pasaka. Jana nikasema nitakwenda na chupa yangu mwenyewe. Nikapanda bodaboda ileile inayopeleka sampuli maabara, nikakaa kwenye benchi mlangoni, nikaitazama. Namba tisa. Meseji ilipoingia, chupa ilikuwa bado mezani, kifuniko hakijafunguliwa. Sasa niambie, nani ameonja maziwa yangu?"

Scolastika alisoma tena ile saa. Alitaka kusema kwamba jambo hilo haliwezekani, badala yake akamrudishia simu. Alimwambia atafuatilia, akaandika namba yake ya simu, akamwomba aingie ndani apate chai. Flora alikataa chai. Alisema amekuja kutazama uso wa mtu anayetuma meseji, na sasa ameuona, kisha akavuka barabara kwenda kusubiri basi la kumrudisha Njombe.

Yapo maneno ambayo mtu huambiwa kwa upole yakamchoma kuliko tusi. Scolastika alirudi kwenye chumba chake kidogo nyuma ya mitambo ya kupoza akiwa nayo kifuani.

Kazi yake watu wengi kiwandani hawakuielewa. Kulikuwa na programu ya kupanga kazi, ambayo yenyewe haikupima wala kuhesabu chochote, bali iliziamrisha kompyuta nyingine zifanye nini, lini, na baada ya nini. Kila asubuhi kazi nne zilifuatana. Ya kwanza ilipokea kutoka vituoni orodha ya wafugaji na namba walizopewa siku hiyo. Ya pili ilichukua majibu ya vipimo kutoka maabara ya kiwanda iliyoko Njombe mjini. Ya tatu ilioanisha namba na majibu. Ya nne ilituma meseji kwa wafugaji, na orodha kwa dereva wa tanka ili ajue keni ya nani aimimine na ya nani aiache chini. Scolastika ndiye aliyezifunga kazi hizo kwa masharti, miaka miwili iliyopita: ya tatu isianze mpaka ya kwanza na ya pili ziwe zimekamilika salama, na ya nne isianze mpaka ya tatu ikamilike. Wageni wakija alizoea kuwaambia kwamba huwezi kusonga ugali kabla maji hayajachemka, na wote walielewa.

Kwa hiyo meseji isingeweza kuitangulia chupa. Aliwasha kioo cha kompyuta akatazama kazi za Jumanne. Zote nne zilikuwa za kijani, rangi ya kazi iliyokwenda vizuri. Kama majibu yalifika kabla ya kipimo, basi kuna mtu maabara aliyeandika majibu bila kupima. Na maabara kulikuwa na mtu mmoja tu, Anselmi.

Alikuwa hajawahi kumpenda sana Anselmi. Alimfahamu kwa sauti ya simu, mtu wa kujibu neno moja na kukata. Sasa kila alilolikumbuka juu yake lilianza kunuka. Mbona majibu ya siku nyingine yalichelewa na mengine yakawahi? Mbona alikataa kufungiwa kamera? Alikwenda kumweleza Romani, meneja wa uzalishaji, ambaye ndiye mkubwa wake. Romani alikuwa akitia saini karatasi za tanka. Alimsikiliza bila kuinua kichwa, akasema wafugaji wote wakikataliwa husema wameonewa, na kwamba huyo mwanamke pengine saa ya simu yake haiko sawa. Scolastika aliposema ameiona simu na saa iko sawa, Romani aliinua kichwa, akamtazama kidogo zaidi ya kawaida.

"Scola, usianze kuchimba chimba," alisema. "Mfumo unafanya kazi. Tangu Aprili tanka halijachelewa hata siku moja."

Scolastika hakuelewa tanka limeingiaje hapo. Lakini alishika hilo jibu akaondoka nalo.

Siku iliyofuata aliomba ruhusa ya kwenda Njombe kukagua kompyuta ya maabara, akapanda tanka pamoja na dereva, Basil. Njiani Basil alizungumza juu ya baridi na juu ya barafu iliyounguza viazi vya shemeji yake, na Scolastika aliitikia akiwa mbali. Alimuuliza, kwa namna ya mtu anayepitisha muda, kama orodha ya keni huwa inamfikia mapema. Basil akasema siku hizi inafika saa nne na nusu kamili, unaweza kurekebishia saa. Zamani alikuwa anakaa Ihanjula mpaka saa sita akisubiri, maziwa yanaanza kuchacha. Majibu ya maabara yanayofika dakika ileile kila siku yalizidi kumfanya Scolastika amwone Anselmi ni mtu anayenakili.

Anselmi aligeuka kuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alimpokea vibaya kuliko alivyotarajia. Hakumpa hata kiti. Alisema alijua siku moja atakuja mtu wa Makambako, na alikuwa akimsubiri. Kisha akafungua kabati, akatoa daftari kubwa la mistari, akalibamiza mezani.

Kumbe naye alikuwa na shaka zake. Miezi miwili sasa wafugaji walikuwa wakimjia na meseji zisizolingana na alichopima, na yeye aliamini kuna mtu kiwandani anayageuza majibu yake ili kuwafukuza wafugaji wadogo. Akaanza kuandika kila kitu kwa mkono, namba, saa aliyopima, jibu, na chini yake sahihi yake. Mtandao wa simu na kompyuta hakuviamini tena.

Scolastika alilifungua kwenye ile Jumanne. Umeme ulikatika alfajiri, jenereta ikawaka saa nne kasorobo. Namba tisa ilipimwa saa tano na dakika kumi. Jibu: safi.

"Na mwanamke alikuwa amekaa hapo," Anselmi alisema akionyesha benchi la mlangoni. "Alilia bila sauti. Nilimwambia aende Makambako, huko ndiko wanakojua kupima kwa meseji."

Scolastika alimuuliza kama majibu aliyatuma kiwandani. Akasema aliyatuma yote kwa pamoja saa tano na nusu, alipomaliza kupima, na akamwonyesha kwenye kompyuta. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyemwamini mwenzake kikamilifu, lakini Anselmi alimruhusu apige picha kurasa za daftari, na hilo kwa mtu kama yeye lilikuwa jambo kubwa.

Kwa kuwa tanka lilikuwa linapitia Ihanjula, Scolastika alishuka pale na kuuliza nyumba ya mzee Kasimiri. Alitaka kumwambia Flora kwamba chupa yake ilikuwa safi. Alikuta nyumba ya tofali za kuchoma yenye zizi safi nyuma yake, na mzee amekaa uani akinoa shoka ambalo tayari lilikuwa kali. Kasimiri aliwahi kuwa mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji miaka sita, na meseji ya tatu ilikuwa imemtoa kikundini. Hakumwangalia mgeni machoni. Mkewe, mama Letisia, ndiye aliyemkaribisha kwa salamu ya kwao, "kamwene", na kumwekea kigoda, na alipojua mgeni ni wa kiwandani alifunga mikono kifuani.

Flora hakuwepo. Alikuwa ameondoka asubuhi ile kurudi kwao Matamba, na mtoto mgongoni. Hakufukuzwa, mama Letisia alisema, na alilisema mara mbili. Alipoulizwa sababu alisita, akamtazama mumewe, kisha akaamua kusema, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo aliokwisha kuchoka nao.

Kila asubuhi Flora alikuwa akienda kituoni na keni, na njia ileile ilipita kwa jirani yao Amos, mwanaume aliyefiwa na mke mwaka jana. Walifuatana njiani, Amos mbele, Flora nyuma. Kituoni Amos alipata namba tisa, Flora kumi, karibu kila siku, maana watu wa njia moja hufika kwa mpangilio mmoja. Hapakuwa na ubaya. Lakini ng'ombe wa Amos aliugua kiwele, maziwa yake yakakataliwa kwa dawa. Kesho yake yakakataliwa ya Kasimiri, kwa dawa ileile. Wiki mbili baadaye Amos akakataliwa tena, na kesho yake Kasimiri tena. Watu wakaanza kujiuliza kwa nini dawa ya Amos inaingia kwenye keni ya mke wa Jacob. Jacob, mtoto wao, alikuwa Mafinga kwenye mbao, anarudi mara moja kwa mwezi. Kisimani wakasema lisemwalo lipo. Jumatatu Amos akakataliwa mara ya tatu.

"Na Jumanne sisi," mama Letisia alisema. "Wewe ni mwanamke, mwanangu. Ungefikiri nini? Kila akikataliwa yeye, kesho yake sisi. Kila mara. Jumatatu usiku nilimuuliza Flora, amempa nini, au wamekutana wapi. Nilimuuliza hivyo. Hakujibu. Asubuhi akapanda ile bodaboda."

Mzee Kasimiri aliacha kunoa.

Scolastika alisogeza kigoda karibu. Alimwomba mama Letisia arudie zile siku, akaziandika kwenye kiganja maana daftari lilikuwa mbali. Kisha akauliza swali ambalo yule mama aliliona la kijinga: Amos akikataliwa leo, kesho yake huwa anakwenda kituoni? Mama Letisia akasema haendi, sheria ni akae siku tatu. Na siku hizo Flora hupata namba gani? Mama Letisia alifungua mdomo, akafikiri. Siku hizo, mtu wa mbele akiwa hayupo, Flora alisogea. Alipata tisa.

Scolastika hakumweleza zaidi, kwa sababu alikuwa bado anaogopa kukosea, akamwambia tu kwamba maziwa ya Jumanne yalikuwa safi na kwamba ameona kwa macho daftari la maabara. Mama Letisia aliingia ndani, na Scolastika akasubiri atoke kumuaga. Hakutoka.

Ijumaa aliwahi kazini kabla ya wote. Safari hii hakutazama rangi. Alifungua zile kazi moja moja, akasoma masharti yake neno kwa neno, jambo ambalo hakulifanya tangu alipoyaandika. Kazi ya tatu, ya kuoanisha, ilikuwa na sharti moja tu badala ya mawili. Ilisubiri orodha za vituoni. Kuisubiri maabara kulikuwa kumeondolewa, na mahali pake pamewekwa saa: ianze saa nne na nusu, iwe isiwe.

Basi akaelewa yote. Siku ambayo maabara iliwahi, hakuna kilichoharibika. Siku ambayo umeme ulikatika Njombe, saa nne na nusu ilipofika kazi ya tatu haikusubiri. Ilichukua majibu yaliyokuwepo, ya jana, ikayabandika kwenye namba za leo. Wala haikuangalia tarehe, maana yeye mwenyewe aliiandika hivyo, akiamini sharti limekwisha kuangalia. Na kwa kuwa karibu maziwa yote ni safi, jibu safi la jana lilimwangukia mtu safi wa leo na hakuna aliyejua. Ila jana akiwepo Amos mwenye dawa kwenye namba tisa, leo tisa ni Flora.

Na lilikuwepo jambo baya zaidi, ambalo lilimjia polepole. Kama Flora alibandikwa jibu la Amos, basi mtu mwingine mwenye dawa, siku nyingine kama hiyo, aliweza kubandikwa usafi wa mwenzake. Maziwa yake yamemiminwa kwenye tanka, yamechemshwa, yamefungwa kwenye pakiti, yamekwenda kwa watoto.

Programu ile huweka kumbukumbu ya kila anayegusa masharti. Alifungua kumbukumbu. Sharti liliondolewa tarehe tisa Aprili, saa nane mchana. Aliyeliondoa: Scolastika.

Alisoma jina lake mara kadhaa. Kwa dakika chache alijishuku kweli, kama mtu anayeonyeshwa picha yake mahali asipokumbuka kufika. Kisha akakumbuka Aprili alikuwa wapi. Alikuwa Manda, ng'ambo ya Ludewa, ufukweni mwa ziwa, akimzika mama yake. Alikaa huko siku kumi na moja. Tarehe tisa ndiyo siku waliyoanua matanga. Na kabla ya kuondoka, kwa kuwa alikuwa peke yake anayeijua ile programu, aliandika paswedi yake kwenye karatasi akamwachia Romani, kwa dharura. Aliporudi hakuibadilisha. Alikuwa amechoka, na karatasi aliisahau.

Kumbukumbu ilionyesha pia jina la kompyuta iliyotumika. Ilikuwa ya ofisi ya uzalishaji.

Alimfuata Romani. Baadaye alijuta kwamba hakuanza kwa mkurugenzi, lakini alifikiri mtu aliyefanya naye kazi miaka minne anastahili kuulizwa kwanza. Alifunga mlango, akamwambia alichokiona. Romani alimsikiliza mpaka mwisho, akiizungusha kalamu mezani, kisha akamuuliza kumbukumbu imeandika jina la nani.

"Langu," Scolastika alisema.

"Basi. Mfumo wako, jina lako. Ofisini kwangu anaingia kila mtu, hata wewe uliingia mara ngapi. Mimi nisingepiga kelele ningekuwa wewe. Ukisema ulinipa paswedi, hilo peke yake ni kosa la kufukuzwa. Rudisha hilo sharti lako kimyakimya, Scola, mambo yaishe."

Alilisema bila ukali, karibu kwa huruma, na hapo ndipo Scolastika alipopata hakika. Mtu asiyejua kitu angeshangaa kwanza.

Saa zile zilizofuata zilikuwa ngumu. Alirudisha sharti, kwa kuwa hilo halikuhitaji kusubiri ruhusa ya mtu. Kisha alikaa akiwaza kila aliyepita mlangoni. Basil alipomsalimia alijiuliza kama naye alijua. Fundi wa mitambo alipocheka koridoni alihisi anachekwa yeye. Mara mbili alitazama kama mtu anamchungulia kioo, na alichapa nakala za kumbukumbu akazificha ndani ya mfuko wa khanga, kisha akajiona mjinga, kisha akaziacha humohumo. Aliwaza nyumba yake ya kupanga kule Kitandililo, mtoto wake wa darasa la tatu, na jinsi ilivyo rahisi kunyamaza. Sharti limerudi. Kuanzia kesho hakuna Flora mwingine. Ni nani angejua?

Mama Letisia angejua. Angeendelea kujua alichokijua siku zote, kwamba mkwe wake na Amos wana jambo.

Saa tisa alasiri alipanda ngazi kwenda kwa mama Lidia, mkurugenzi. Mama Lidia alikuwa mtu mzima, mtaratibu, aliyepata kuwa mwalimu, na bado aliwasikiliza watu kana kwamba atawasahihisha. Scolastika alianza na kosa lake. Alisema alimpa mtu paswedi yake, na alipotoka msibani hakuibadilisha. Kisha akaweka mezani picha za daftari la Anselmi, kumbukumbu za programu, fomu yake ya likizo ya msiba, na siku tatu alizoambiwa Ihanjula. Hakumtaja Romani. Alisema tu kompyuta ni ya ofisi gani.

Mama Lidia alisoma kwa muda mrefu. Alipofika kwenye habari ya maziwa yenye dawa kupita, alivua miwani. Aliuliza siku gani. Scolastika akamwambia ataweza kuzitafuta zote kwa kulinganisha daftari na meseji, atahitaji siku mbili. Mama Lidia aliinuka, akaenda kwenye kabati la mafaili, akatafuta, akarudi na taarifa ya mwezi wa nne ya idara ya uzalishaji. Aliifungua akasoma kwa sauti mstari mmoja, ambamo Romani aliripoti kwa fahari kuwa tatizo la tanka kuchelewa limemalizwa kabisa kuanzia tarehe tisa Aprili.

"Nilimsifia kikaoni," alisema. "Sikumuuliza amelimalizaje."

Romani aliitwa. Mwanzoni alisema yale aliyomwambia Scolastika. Aliposomewa mstari wake mwenyewe alisema maziwa yalikuwa yanachacha njiani, kila asubuhi anapigiwa kelele yeye, wala si maabara, na kwamba aliondoa kamba moja tu kati ya nyingi, hakujua inafunga nini. Pengine hilo lilikuwa kweli. Lakini alipoulizwa kwa nini hakusema Jumatano mfanyakazi wake alipomjia na habari ya meseji iliyotangulia chupa, alirudia habari ya tanka.

Kwa siku mbili Scolastika na Anselmi walilinganisha, yeye Makambako kwenye kioo, Anselmi Njombe kwenye daftari, wakisomeana namba kwa simu. Walipata siku kumi na nne ambazo majibu ya jana yalitumika. Siku mbili kati ya hizo keni yenye dawa ilimiminwa. Kiwanda kiliwaarifu wakaguzi na kuondoa pakiti za siku hizo zilizobaki madukani, na hakuna aliyejua zilizokwisha kunywewa zilifanya nini, kama zilifanya. Romani aliondolewa uzalishaji, na kabla ya mwezi kwisha akaacha kazi. Scolastika alipewa barua ya onyo, ikawekwa kwenye faili lake. Aliipokea. Anselmi alianza kumwita kwa jina, lakini daftari lake hakuliacha, na Scolastika hakumwomba aliache.

Alimpigia Flora Matamba akamweleza yote. Kulikuwa na upepo kwenye simu. Flora alisikiliza, akauliza kama mama mkwe ameambiwa. Scolastika akasema mkurugenzi amemwandikia mzee barua ya kuomba radhi na kumrudisha kwenye kikundi.

"Barua ataiweka chini ya godoro," Flora alisema. "Mimi nilichafuliwa kwa meseji, dada, ikaingia kwangu, ikasomwa kituoni, ikafika kisimani. Hao waliosikia wote, nao wapate meseji."

Lilikuwa ombi la haki. Mama Lidia alikubali, na wakaandika maneno pamoja: kwamba maziwa ya Kasimiri wa Ihanjula hayakuwa na dawa siku zote tatu, kwamba majibu yaliyotumwa yalikuwa ya mtu mwingine, na kwamba kosa ni la kiwanda peke yake. Jina la Amos hawakulitaja. Iliingia Jumamosi ya wiki iliyofuata, asubuhi, kwenye simu za wafugaji sitini na mbili wa Ihanjula. Jumapili, baada ya misa, Amos mwenyewe alisimama mbele ya watu nje ya kanisa akasema dawa ilikuwa yake, alimchoma ng'ombe sindano kimya kwa sababu hakutaka kukosa kuuza, na kwamba yule binti wa watu hana habari nayo. Alisema akakaa. Kuna walioamini mara moja, na kuna walioona kwamba amejitoa mhanga kwa ajili ya mpenzi.

Jacob alitoka Mafinga akaenda Matamba kumfuata mkewe, akarudi peke yake. Akaenda mara ya pili. Flora alirudi Ihanjula mwanzoni mwa mwezi wa nane, na alirudi kwa masharti yake, ambayo hakuyaandika popote. Anapika, analima, anamsalimia mama mkwe kwa heshima zote. Keni ya maziwa haishiki.

Kwa hiyo sasa mama Letisia ndiye anayeibeba, na miaka yake sitini na nne. Basil anasema humwona kila asubuhi kwenye foleni, khanga imefungwa kichwani kwa ajili ya baridi, Amos mbele yake na yeye nyuma, na kwamba hawaongei. Akishapewa namba hasogei pale kituoni. Hukaa juu ya jiwe karibu na mizani, simu mkononi, mpaka meseji iingie.